Neno moja kwenye faili: kisa cha mama wa Memorial

Picha yenyewe niliiona kwenye simu ya mume wa huyu mama, muuzaji wa soko la Memorial hapa Moshi. Ukurasa mmoja wa faili la hospitali, umepigwa harakaharaka pale dirisha la malipo, kidole gumba cha mpigaji kimeingia pembeni, mwandiko wa dokta kama kuku kapita kwenye majivu, ila maneno mawili yanasomeka vizuri kabisa, ya kizungu, moja ni abosheni na lingine maana yake haijakamilika. Jamaa kafika fomu foo, anaendesha Noah za Marangu, kizungu cha kuombea maji anacho, kwaiyo akaunganisha mwenyewe: mke wangu alikuwa anatoa mimba, na alikuwa hajamaliza kuitoa, ndo maana damu zote zile.

Kwa maneno hayo mawili mwanamke kalala lokapu usiku mzima, siku tatu tu baada ya kusafishwa kizazi.

Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Moshi. Siyo wakili, sisimami mahakamani, kazi yangu ni kusindikiza watu, kuwaandikia barua, kuwaonyesha waanze kugonga mlango upi. Nimekiandika hiki kisa mwanzo mwisho kwa sababu pale sokoni kila mtu anakisimulia kivyake na kila wiki kinaongezeka chumvi. Mwenyewe karuhusu, nimegeuza vitu viwili vitatu asijulikane, na hospitali, zahanati na kituo cha polisi sivitaji.

Ana miaka 31, watoto watatu, wa mwisho ana mwaka na miezi miwili na bado ananyonya usiku. Anauza nguo za watoto za mtumba Memorial, wanakaa Pasua vyumba viwili vya kupanga. Baada ya huyo wa tatu alitaka kuweka kijiti cha uzazi wa mpango. Mume akagoma, sababu ni zilezile unazozijua, kijiti kinatembea mwilini, kinakausha kizazi, mara kinamtoa mwanamke nje ya ndoa, na mama mkwe huko Kibosho naye akamwagia petroli kwamba kihamba, yaani shamba la ukoo, hakina vijana wa kutosha. Dada akaenda zahanati kimyakimya, nesi akamwambia arudi na mwenzake.

Hapa nisimame kidogo maana hili huwa linanikera. Hakuna sheria Tanzania inayomtaka mwanamke mtu mzima alete mume ndo apewe uzazi wa mpango. Hakuna. Wakija wawili kushauriwa ni jambo zuri, ila sharti siyo, na huduma kwenye vituo vya serikali ni bure. Yule nesi sidhani alimnyima kwa roho mbaya, nahisi aliogopa mume kuja kumfokea dirishani, wanakuja kweli, nimewaona. Matokeo yake ndo hayo, miezi minne mbele kipimo kina mistari miwili.

Siku alipoona mistari alimtumia dada yake wa Arusha voisi ya whatsapp. Nimeisikiliza, haifiki dakika, nyuma kuna mtu ananadi mia tano mia tano, na yeye anasema, "Dada mi hii mimba siitaki, nimechoka, natamani hata itoke yenyewe." Basi. Iweke akilini hiyo voisi tutairudia.

Jumanne moja, mimba ikiwa wiki ya kumi na tatu hivi, alikuwa anasaidiana na mwenzake kushusha belo, tumbo likakata, akakaa juu ya ndoo, alipoinuka kitenge kimelowa. Wakamuingiza kwenye bajaji. Mapokezi swali la kwanza halikuwa jina lake. "Umetumia nini?" Sijatumia kitu. "Sema ukweli tukusaidie, umetumia nini?" Mara tatu, mbele ya foleni nzima. Alafu akaambiwa kwa hali ile labda aanzie polisi achukue PF3. Mwenzake wa sokoni, mama mtu mzima mwenye sauti ya kuuzia viatu, ndo aliyewasha moto pale mpaka dokta wa zamu akatoka chumbani.

PF3 ni fomu ya mtu aliyeumizwa, kapigwa, kagongwa, kabakwa, inasaidia kutunza ushahidi wa kesi. Mimba inayotoka siyo jeraha la kesi. Wizara ya afya ina mwongozo wake wa huduma baada ya mimba kuharibika, upo miaka mingi tu, na msimamo wake ni kwamba mwanamke anahudumiwa iwe mimba imetoka yenyewe iwe imetolewa, anasafishwa kwa kile kifaa cha kufyonza au kwa dawa, anatibiwa maambukizi, anashauriwa, na akitaka njia ya uzazi wa mpango anapewa kabla hajaondoka. Kumhudumia siyo kosa la mtu yeyote. Nasema hivi kwa sababu wahudumu wengine wanaogopa kabisa kwamba wakimgusa na wao wanaunganishwa kwenye kesi, na mwanamke naye anaogopa kuja, wote wawili wanaiogopa sheria ambayo hakuna hata mmoja kaisoma, na katikati damu inaendelea kutoka.

Dokta alifanya kazi yake vizuri, sina neno naye. Alimsafisha usiku uleule, akaandika faili kama alivyofundishwa. Fundo liko hapo kwenye kuandika. Kwa lugha ya hospitali abosheni ni mimba yoyote iliyokoma kabla mtoto hajafikia kuweza kuishi nje, iwe imetoka yenyewe iwe imetolewa, neno ni lilelile, wanaongezea tu neno lingine mbele kuonyesha ni ya aina gani. Ikitoka nusu mabaki yakabaki ndani wanasema haijakamilika, yaani mwili ndo haujamaliza. Sasa huku mtaani hilo neno lina maana moja tu na wote tunaijua. Kiswahili kimewazidi hapa wazungu, sisi tuna kutoka na tuna kutoa, herufi moja katikati inatenganisha msiba na kosa la jinai. Mimba imetoka, imeharibika, imeporomoka, hapo hakuna mtu aliyefanya kitu. Katoa, kaitoa, kaiharibu, hapo yupo mtu. Dokta angeandika tu mimba imeharibika, mabaki yamesafishwa, nadhani mpaka leo huyu mama angekuwa anajulikana pale Memorial kwa nguo za watoto na siyo kwa kesi.

Na mimba kutoka yenyewe siyo muujiza. Kati ya mimba 100 zilizojulikana, 10 mpaka 20 zinatoka, nyingi ndani ya wiki 12 za mwanzo, na karibu nusu ya hizo za mapema ni hitilafu ya kromosomu, yaani mtoto hakujiunga vizuri tangu siku ya kwanza. Siyo belo, siyo bajaji, siyo jicho la mtu. Nilipomweleza hili tukiwa tumekaa nje ya kituo alilia kuliko alivyolia akiwa ndani. Kumbe siku zote nne alikuwa anaamini Mungu kaisikia ile voisi.

Turudi kwa mume. Jumatano asubuhi alitumwa na faili dirishani kulipia, akasoma, akapiga picha, akamrushia mama yake, na kufika mchana picha iko kwenye kundi la whatsapp la ukoo, watu 60 na kitu, wengine wako Dar, mmoja yuko Oman. Kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 habari za afya ya mtu ni taarifa nyeti, hazisambazwi bila ridhaa ya mwenyewe, na ndoa siyo ridhaa. Ila nani alikuwa anawaza hiyo sheria siku ile, mama mkwe alishapanda gari. Alhamisi wakakaa kikao sebuleni, mgonjwa kaegemea ukuta, wakachukua simu yake, mume namba ya siri anaijua, wakapekua mpaka wakafika kwenye voisi. Wakaicheza mara mbili. Hapo ikawa imeisha.

Mume akapeleka malalamiko polisi, na Ijumaa mke akapigiwa simu, njoo kituoni mara moja kuna maelezo kidogo. Alifika saa kumi jioni kwa miguu yake, saa kumi na mbili yuko ndani. Alikuwa na pedi mbili kwenye mkoba na mkoba ukabaki kaunta. Askari wa kike wa zamu ya usiku ndo aliyemtafutia nyingine, akampa na chai, huyo dada Mungu amuweke. Maelezo ya onyo, yaani yale polisi wanayomwandika mtuhumiwa, yaliandikwa Jumamosi saa tatu asubuhi. Mimi nilipigiwa saa nne.

Kwa wanaopenda kujua mambo yanavyokwenda: Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inawapa polisi masaa manne ya kumhoji mtu tangu wamshike, wakitaka zaidi kuna utaratibu wa kuongeza, na kabla ya kuandika lazima wamwambie halazimiki kusema kitu na ana haki ya kuwa na ndugu au wakili. Kutoka saa kumi jioni mpaka saa tatu asubuhi hesabu mwenyewe. Hakuna karatasi ya kuongeza muda niliyoonyeshwa. Kama jambo lingefika mahakamani hapo ndo wakili angeanzia, maelezo yale yangeweza kukataliwa yasipokelewe kabisa. Lingine ni masaa 24, hupitishi hapo bila kumfikisha mtu mahakamani au kumpa dhamana, na kosa lenyewe linadhaminika, siyo mauaji siyo uhaini siyo unyang'anyi wa silaha. Shida ilikuwa Jumamosi, ofisi zimefungwa, ikabidi nimfuate mwenyekiti wa mtaa nyumbani anafua, akaandika barua mikono ina povu. Wadhamini wawili, yule mama wa viatu na mwenzake. Tukatoka naye saa tisa alasiri.

Sasa sheria yenyewe. Kanuni za Adhabu, Sura ya 16, kwa namba tulizozizoea. Kifungu cha 150 ni cha anayemtoa mwingine mimba, kifungo mpaka miaka 14. Kifungu cha 151 ni cha mwanamke mwenyewe, miaka 7. Kifungu cha 152 ni cha anayetoa dawa au kifaa akijua kinaenda kutumika hivyo, miaka 3. Alichoandikiwa yeye ni 151. Kumtia mtu hatiani kwa hicho kifungu upande wa mashtaka lazima waonyeshe alikuwa mjamzito, kwamba alitumia kitu au alikubali atumiwe kitu, kwamba nia ilikuwa kuitoa mimba, na kwamba alifanya hivyo isivyo halali, na vyote visiache shaka yenye mashiko.

Tuweke ushahidi mezani. Mjamzito, ndiyo, hakuna anayebisha. Alitumia kitu gani? Mama mkwe aliandikisha kwamba mkwe wake alikuwa anakunywa tangawizi nyingi. Sawa, kwa tangawizi hiyo tukamate nusu ya Kilimanjaro. Ile picha ya faili nimeshaieleza, ukimuuliza dokta aliyeandika atakwambia aliandika mimba imetoka na mabaki yapo, hakuandika imetolewa, na hata akibanwa, kwa kumpima tu mimba iliyotoka yenyewe na iliyotoka kwa vidonge zinafanana, damu ni ileile na maumivu ni yaleyale. Kwaiyo wamebaki na voisi.

Voisi kama ushahidi inapokelewa, tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 ujumbe wa simu unaingia mahakamani ukithibitishwa unatoka wapi na haujachezewa. Tatizo siyo kupokelewa, tatizo ni inachosema. Inasema siitaki. Kutotaka siyo kosa. Hakuna kifungu popote kinachomuadhibu mwanamke kwa kuchoka. Tena sikiliza vizuri, kasema natamani itoke yenyewe, yeye mwenyewe katumia neno la kutoka, herufi yake ipo pale pale. Ila nakwambia ukikaa kwenye ile benchi ya kituo unaona kabisa kinachoshtakiwa siyo tangawizi wala vidonge. Kinachoshtakiwa ni kwamba alisema hataki. Alisema hataki wakati wa kijiti hakusikilizwa na mtu, kasema hataki kwenye voisi ya dada yake ndo watu wazima sita wakakaa kimya kumsikiliza, mara mbili.

Kuna mwenzangu aliniuliza swali gumu na sitalikwepa: je kama kweli alimeza kitu? Hatukujua na wala sikumuuliza, siyo kazi yangu. Lakini tuchukulie alimeza. Basi mwanamke aliyeomba kinga akarudishwa, akapata mimba ya nne mtoto hajaachishwa ziwa, anaangalia miaka 7, na mume aliyekataza kijiti ndo mlalamikaji, na nesi aliyemrudisha hayupo hata kwenye maelezo. Mtu akiniambia hiyo ni haki nitamheshimu ila sitamuelewa. Makadirio yanayotumika sana ni ya mwaka 2013, utafiti wa taasisi ya Guttmacher, kwamba kwa mwaka mmoja Tanzania zilitolewa mimba kama 405,000, karibu zote kwa kificho. Kifungu cha 151 kilikuwepo mwaka huo. Hakikuwazuia. Kilichofanya ni kuwapeleka chumba cha nyuma, na wale ambao mimba zao zilitoka zenyewe kikawafanya washukiwa.

Najua ninaandikia wapi. Huku kwetu kila kona ni KKKT, yaani Walutheri, au Katoliki, mimi mwenyewe ni msharika, kwaya ya wanawake Alhamisi, na mama yangu akisoma hii nitaitwa nyumbani. Simlazimishi mtu abadili anachoamini kuhusu uhai wa mtoto tumboni. Ila hata unayeamini kutoa mimba ni dhambi, huyu hakuna aliyeonyesha kwamba alitoa, na bado kalala chini kwenye sakafu akiwa anavuja damu. Sheria yenu ilimpataje?

Wiki iliyofuata nilikaa pale Memorial kwenye magunia, wanawake kama kumi, na swali walilokuwa nalo siyo la dhamana. Waliniuliza kwaiyo kuna mimba inayoruhusiwa kutolewa? Ipo, na ajabu ni kwamba mlango upo kwenye sheria ileile. Kifungu cha 230 kinasema mtu hana hatia akifanya operesheni kwa nia njema, kwa uangalifu na ujuzi wa kutosha, kumfanyia mtoto aliye tumboni ili kuokoa maisha ya mama, kama kwa hali ya mgonjwa ilikuwa ni busara kufanya hivyo. Na lile neno isivyo halali kwenye 150 siyo pambo, maana yake kuna inayofanyika kihalali. Maisha ya mama ni nini hasa? Uingereza mwaka 1938 daktari mmoja wa London, Aleck Bourne, alimtoa mimba binti wa miaka 14 aliyebakwa na askari jeshi, akajipeleka mwenyewe polisi, jaji akaliambia baraza la raia wanaoamua kesi kwamba kuokoa maisha haimaanishi kusubiri mtu awe anakata roho, kumuokoa asivunjike mwili au akili nako kumo, wakamuachia. Na Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki mwaka 1959, kesi ya Mehar Singh Bansel, ikaenda njia hiyohiyo, kwamba operesheni haramu ni ile isiyo na sababu nzuri ya kitabibu.

Mama mmoja akauliza, na aliyebakwa? Hapo ndo nilikuna kichwa. Kwenye Kanuni za Adhabu ubakaji haujatajwa kama sababu. Itifaki ya Maputo ya 2003, mkataba wa Afrika wa haki za wanawake, ambayo Tanzania tuliiridhia 2007, ibara ya 14 inasema nchi ziruhusu kwa aliyebakwa, aliyepewa mimba na ndugu wa damu, na pale afya ya mama ya mwili au ya akili iko hatarini. Tumesaini, ila mkataba hapa kwetu hauingii mahakamani kama sheria mpaka Bunge liutungie sheria, na Bunge halijagusa. Ukivuka hapo Holili tu ukaingia Taveta, katiba ya Kenya ya 2010 ibara ya 26 inataja dharura, maisha na afya ya mama. Kwa Noah ya mume wake huyu dada ni safari ya lisaa, ukiacha foleni ya mpakani. Nikawaambia kwa aliyebakwa kinachosaidia leo hii ni haraka, afike kituo cha afya ndani ya masaa 72, apate dawa ya kuzuia maambukizi ya VVU na vidonge vya dharura vya kuzuia mimba isitunge kabisa, PF3 ifuate, isitangulie. Wakaandika 72 kwenye boksi la viatu.

Hicho kifungu cha 151 siyo cha Mangi, chifu wa Kichagga, wala cha Nyerere. Kanuni za Adhabu za Tanganyika zilitungwa enzi za mkoloni Mwingereza, na haya maneno ya mimba yametoholewa kwenye sheria ya Uingereza ya 1861, enzi za Malkia Victoria, kabla hata reli haijafika Moshi. Wenyewe Uingereza walifungua mlango kwa sheria ya 1967, na Juni 2025 wabunge wao wakapiga kura 379 kwa 137 kwamba mwanamke asishtakiwe tena kwa mimba yake mwenyewe, na moja ya mambo yaliyowasukuma ni wanawake waliokuwa wanapekuliwa na polisi baada ya mimba kutoka. Yaani kisa chetu cha Pasua kabisa, na simu wanachukua vilevile.

Jalada lilikwenda kwa mwanasheria wa serikali, likakaa, likarudi, hakuna ushahidi wa kumshtaki. Kwa kweli mwanasheria alisoma kurasa tatu tu akaona hamna kitu, kilichochukua muda ni jalada kusafiri. Simu ilibaki kituoni kama kielelezo wiki saba, na kwenye hiyo simu ndo kuna laini ya kupokelea hela za wateja, msimu wa kufungua shule ukapita hivihivi. Hilo hakuna aliyemlipa.

Mume siyo shetani, niseme na hilo. Nilimkalisha na dokta yuleyule, dokta akamsomea faili mstari kwa mstari kwa Kiswahili, jamaa akawa anaangalia viatu vyake. Wakati anatoka akaniuliza kwa sauti ya chini, sasa mbona hawaandiki hivyo. Sikuwa na jibu.

Mwezi mmoja baadae wakaja na isale. Kwa asiye Mchagga, ni jani, ukimkosea mtu unampelekea kuomba msamaha, na kwa mila ukiletewa hukatai. Aliyelileta ni baba mkwe, mzee mpole ambaye kwenye kikao kile hakufungua mdomo. Dada alilipokea kwa mikono miwili, akamuomba mzee akae, akaenda kuleta chai, alafu akasema amesamehe ila ana ombi, aliyerusha picha kwenye kundi la ukoo aandike kwenye kundi hilohilo kwamba mimba ilitoka yenyewe. Mume akaandika palepale, mistari miwili. Wawili wakaweka amina, wengine kimya. Mama mkwe akatoka kwenye kundi.

Kijiti aliweka mwezi uliofuata, zahanati nyingine, cha miaka mitano, mimi nilimsindikiza ila niliachwa kwenye benchi. Mlango haukufungwa vizuri. Nilimsikia nesi akimwambia tayari mama, usiloweshe hapo siku mbili tatu, shika kadi yako. Naye hakuinuka. Akasema, "Samahani dada, kabla sijaondoka naomba unisomee ulichoandika."